Kwenye kompyuta anapata 92, kwenye daftari 31. Mtoto ni yule yule. Nisaidieni

#1 BabaShabani_Makorora
Salaam wanajamvi.

Mwanangu yuko darasa la tano, shule ya serikali hapa hapa Tanga mjini. Mwezi wa pili nilinunua laptopu iliyotumika, laki tatu na nusu, na fundi mmoja wa Ngamiani akanitilia programu ya hesabu isiyohitaji bando. Programu inampima mtoto kwanza, inajua kakwama wapi, halafu inampa maswali ya saizi yake. Akipata inapanda, akikosa inamrudisha nyuma. Nikasema hapa ndipo. Darasani wako 87, mwalimu atamfuata yupi amwache yupi?

Mwezi mzima kijana yuko kwenye mada ya sehemu, yaani hizi za 1/2, 1/3 na wenzake. Kila jioni nusu saa, akimaliza ndipo anakwenda mpirani. Ripoti inasema 92 kwa mia. Ijumaa karudi na jaribio la shule, mada hiyo hiyo: 31. Swali la kwanza lilikuwa 1/2 + 1/3. Kaandika 2/5.

Nani anadanganya hapa? Kompyuta, mwalimu au mwanangu?

#2 MkongeMkavu
Anayedanganya ni fundi wa Ngamiani. Laki tatu na nusu kwa laptopu iliyotumika! Mkuu si ungenipigia.

#3 Mwl_wa_Pongwe
Mkuu BabaShabani, usimgombeze mtoto kwa hiyo 2/5. Nafundisha hesabu, naliona jibu hilo kila mwaka tangu nianze kazi. Kajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, akajumlisha asili (namba ya chini) kwa asili. Kwake yeye ile ni namba mbili juu na mbili chini, sasa kwa nini asijumlishe? Hilo ni kosa la mtu anayefikiri. Ni tofauti na yule anayeandika 7 kwa sababu kaona jirani kaandika 7.

Swali langu: kwenye hiyo programu, mtoto anaandika jibu mwenyewe au anachagua?

#4 BabaShabani_Makorora
Anachagua Mwalimu. Majibu manne. Akikosa anaambiwa ajaribu tena. Pembeni kuna kitufe cha kuomba msaada: ukibonyeza mara ya kwanza unapewa dokezo, mara ya pili dokezo kubwa zaidi, mara ya tatu jibu lenyewe.

#5 FundiChipu
Mara ya tatu jibu lenyewe. Kesi imekwisha, tufunge uzi.

Ngoja nieleze kwa wasiojua. Hili jambo lina wataalamu wake kabisa. Mwaka 2004 Ryan Baker na wenzake pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walikaa nyuma ya wanafunzi waliokuwa wanatumia mwalimu wa kompyuta wa hesabu, wakawaandika wanachofanya. Wakakuta wapo wanaobonyeza msaada haraka haraka mpaka jibu litoke, na wapo wanaojaribu jibu moja baada ya jingine mpaka kengele ilie. Hao ndio walioambulia kidogo kuliko wenzao. Yaani mtoto anajifunza programu, hajifunzi hesabu.

Mkuu, fungua ripoti uangalie anatumia sekunde ngapi kwa swali.

#6 BiMwanakombo
Msimseme mtoto, watoto wana akili kutuzidi. Mjukuu wangu wa Muheza alikuwa na mchezo wa herufi kwenye simu ya mamaake. Tunamsifu, ana miaka minne anajua herufi zote! Siku moja nikamfunika kile kikatuni cha pembeni kwa kidole. Hajui hata moja. Kumbe kikatuni kilikuwa kinageuza macho upande wa jibu. Mwenzenu alikuwa anasoma macho.

#7 NanasiLaPangani
Wakuu mbona mnaponda kompyuta? Si ndizo hizi hizi Bill Gates alizileta huku kwetu mkoani, vijijini kabisa, watoto wote wakajua kusoma bila mwalimu? Kule mbona zilifanya kazi?

#8 KasukuWaLushoto
NanasiLaPangani umechanganya karibu kila kitu ila mkoa umepatia, pongezi.

Siyo Bill Gates. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, zawadi dola milioni 15, mfadhili Elon Musk. Timu tano zilizofika fainali zilipewa dola milioni moja moja, na programu zao zikajaribiwa kwetu, vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000, kuanzia mwishoni mwa 2017 kwa miezi 15. Vishikwambi vilikuwa Pixel C, Google walivitoa. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu walishiriki. Chaji ilikuwa ya sola. Yote kwa Kiswahili: kusoma, kuandika, kuhesabu.

Mei 2019 wakatangaza washindi. Wawili walifungana wakagawana: onebillion wa Uingereza na Kenya, na Kitkit School wa Korea Kusini na Marekani.

Na siyo "watoto wote". Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni jambo kubwa, maana asilimia 74 walisema hawajawahi kukanyaga shule. Lakini nusu siyo wote, na neno moja siyo kitabu.

#9 NanasiLaPangani
Asante kwa darasa. Ila mpwa wangu alikuwa na kile kishikwambi, na anasoma mpaka leo. Sasa mimi niamini asilimia au niamini mpwa wangu?

#10 KasukuWaLushoto
Amini vyote viwili, mpwa wako yumo ndani ya asilimia.

#11 MchumiUchwara
Naingia na maelezo mengine, maana FundiChipu kaharakisha kufunga kesi.

Kuna utafiti wa Delhi, India, uliochapishwa 2019, wa Muralidharan, Singh na Ganimian. Watoto wa shule za kati, kama darasa la sita hadi la tisa, walipewa vituo vya jioni vyenye programu ya Mindspark inayomfuata mtoto alipo. Kwa miezi minne na nusu tu walipanda vizuri sana kwenye mtihani wa watafiti, hesabu na Kihindi. Lakini mitihani ya shule yao? Haikusogea kihivyo. Sababu: watoto wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Tuseme programu iliwatoa la pili ikawafikisha la nne. Mwalimu wao anatunga mtihani wa darasa la saba. Mtoto kapanda ngazi mbili, ila dirisha la kupimia liko ghorofa ya juu, hakuna anayemwona.

BabaShabani, hiyo 92 ni ya darasa la ngapi?

#12 BabaShabani_Makorora
Nimefungua ripoti sasa hivi. Naandika huku mkono unatetemeka.

Ile siku ya kwanza ilimpima ikamweka darasa la TATU. Mimi sikuona, imeandikwa kwa herufi za sisimizi chini ya ukurasa. Maswali mengi ya mwezi huu ni ya asili sawa, mfano 1/5 + 2/5. Asili tofauti kaanza wiki iliyopita tu.

Na FundiChipu, wastani ni sekunde 6 kwa swali.

#13 FundiChipu
SITA! Mimi mwenyewe sekunde sita sijamaliza kusoma swali.

#14 Mwl_wa_Pongwe
FundiChipu, 1/5 + 2/5 kwa aliyeelewa haichukui hata sekunde tatu. Usimhukumu kwa saa.

Nakubaliana na Mchumi kwa kiasi. Jaribio la shule lilipima asili tofauti, programu ilikuwa bado iko kwenye asili sawa, basi 92 na 31 zote zinasema kweli kuhusu vitu viwili. Ila kuna kitu hakijakaa. Mkuu, kwenye lile karatasi hakukuwa na swali lolote la asili sawa?

#15 BabaShabani_Makorora
Yalikuwepo matatu. Kapata moja.

#16 Mwl_wa_Pongwe
Ndiyo maana nasema hakijakaa.

#17 SamakiMbichi
Labda mwalimu kakosea kusahihisha. Madaftari 87 usiku na tochi ya simu, hata mimi ningekosea.

#18 Mwl_wa_Pongwe
Sitajibu uchokozi. Ila ni kweli, tochi ya simu tunaijua.

Na kwa kuwa tumefika huko: baada ya Sensa ya 2022 vile vishikwambi viligawiwa walimu. Mimi ninacho. Ni kizuri, naandalia masomo. Lakini ni cha mwalimu mmoja, watoto wanakiona kwa mbali kama mwezi wa Idi. Ninajua shule moja yenye kompyuta 12 za msaada. Ziko stoo, zimefunikwa kanga, kwa sababu chumba hakina nondo dirishani. Kwa hiyo tunapozungumza mtoto na kompyuta yake mmoja kwa mmoja, tunazungumza watoto wa akina BabaShabani.

#19 MzeeWaRaskazone
Vijana hamjambo. Nimesoma yote kwa miwani ya mke wangu.

Mnasema sehemu, sehemu, kama kitu kilichokuja na meli. Sehemu tulizisoma chuoni (madrasa) kwa maalim, Barabara ya 8, kabla hatujajua kuandika tarakimu vizuri. Nusu, robo, thumni (1/8). Theluthi mbili, theluthi, sudusi (1/6). Hizo sita ndizo mafungu ya mirathi, ziko kwenye Kurani, na asiyezijua ataliwa urithi wake mchana kweupe.

Maalim hakutupa ubao. Alitufisha. "Juma kafa." Tunacheka. "Kamwacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Babaake alikwishatangulia. Ana minazi ishirini na nne. Gawa."

Mke, kwa kuwa kuna mtoto, ana thumni. Mama, kwa kuwa kuna mtoto, ana sudusi. Sasa minazi 24, thumni yake ni 3, sudusi yake ni 4. Zimekwenda 7. Mtoto wa kiume anachukua 17 zilizobaki. Basi 1/8 na 1/6 ni 7/24, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kusema ni 2/14, kwa sababu minazi 14 haikuwepo pale.

Siku ya pili anasema, Juma kafa tena, ila safari hii ana minazi 48. Siku ya tatu hasemi minazi mingapi. Hapo ndipo mnatafuta wenyewe namba inayogawanyika kwa nane na kwa sita. Mafaradhi, yaani elimu ya mirathi, huiita asili ya masala. Shuleni tulipofika mwalimu anasema "asili", sisi tunaangaliana tu, asili tunaijua.

Kompyuta ya mwanao inamfisha nani?

#20 BiMwanakombo
"Inamfisha nani" 😂😂 Mzee utatuua kweli.

#21 MkongeMkavu
Huyo Juma alikufa mara ngapi?

#22 MzeeWaRaskazone
Kwa miaka mitatu, kila siku isipokuwa Alhamisi na Ijumaa.

#23 Neema_wa_Korogwe
Mzee shikamoo. Nimependa, ila sisi wa upande wa pili hatuna thumni ya mke. Na kuna mtoto kafiwa kweli, utamfundisha hesabu kwa msiba? Mimi darasani natumia chungwa. Menya, hesabu vipande, gawa.

#24 MzeeWaRaskazone
Marahaba mwanangu. Chungwa ni zuri ila vipande vyake havina adabu, hili lina kumi, hili lina kumi na mbili. Mnazi ni mnazi.

#25 MchumiUchwara
Mzee umegusa penyewe. Mwaka 1985 watafiti Carraher, Carraher na Schliemann walichapisha habari za watoto watano wauza bidhaa mitaani Recife, Brazil. Walipowauliza hesabu kama wateja, nazi tatu ni bei gani, wakapata asilimia 98. Hesabu zile zile wakawapa kwenye karatasi bila nazi: asilimia 37. Mtoto yule yule, kama kichwa cha uzi huu kinavyosema. Ila kwao mtaa ndio uliokuwa juu. Kwa Shabani kompyuta ndiyo iko juu.

#26 FundiChipu
Mchumi hapo unanisaidia mimi. Kule nazi zilikuwa na maana. Hapa 92 haina maana, ni vidole.

#27 Neema_wa_Korogwe
Samahani naomba kuuliza kitu ambacho nadhani hamjauliza. Programu ni ya lugha gani?

#28 BabaShabani_Makorora
Kiingereza.

#29 Neema_wa_Korogwe
😐

#30 MkongeMkavu
Posti 27 jamani! Mtu kaja na mgonjwa, tumempima malaria, taifodi na presha, sasa hivi ndiyo anasema mgonjwa kagongwa na bodaboda.

#31 BabaShabani_Makorora
Sikudhani ni muhimu, hesabu si ni hesabu? Namba hazina lugha. Na picha zipo, kuna pitsa inakatwa vipande.

#32 Neema_wa_Korogwe
Mtoto wa Makorora na pitsa. Shabani amewahi kuila? Na maneno ya "kiasi" na "asili" aliyoyasoma darasani hayaoni humo. Kwa hiyo mwezi mzima amejifunza kutazama picha ya pitsa akaacha maandishi. Siku ya jaribio pitsa haipo, kuna maneno ya Kiswahili: "tafuta jumla, rahisisha jibu". Ndiyo hayo maswali mawili ya asili sawa aliyokosa. Hakurahisisha, naweka dau.

#33 BabaShabani_Makorora
Nimeangalia. Moja kweli hakurahisisha, kaandika 2/4 mwalimu anataka 1/2. La pili kaandika 3/10 kwa 1/5 + 2/5. Hapo siyo lugha.

#34 Mwl_wa_Pongwe
Hapo ni kosa lile lile la 2/5. Na kwenye kompyuta swali hilo hilo analipata?

#35 BabaShabani_Makorora
Analipata, ripoti inaonyesha mara 14 mfululizo.

#36 FundiChipu
Mkuu, ripoti inaonyesha na saa za matumizi? Tafuta palipoandikwa tarehe, bonyeza.

#37 BabaShabani_Makorora
Ipo. Jioni saa 11 hadi 11 na nusu, sawa. Lakini kuna siku nne imetumika saa 5 usiku. Shabani saa 3 yuko kitandani, mlango nafunga mimi.

#38 SamakiMbichi
Uzi umenoga. Naleta kahawa na kashata.

#39 MkongeMkavu
Dada yake. Hapo kuna dada yake, lazima.

#40 BabaShabani_Makorora
Dada yake yupo, kidato cha pili. Kaapa kwa Mungu hajaigusa, na kaongeza kwamba hesabu za darasa la tatu ni kumtukana.

#41 BiMwanakombo
Kuna jini msomi kwenu. Fukizeni udi.

#42 MchumiUchwara
Wakati tunamsubiri jini: watu wengi wanaosifia "mtoto mmoja mwalimu mmoja" wanamnukuu Benjamin Bloom, 1984, aliyesema mwanafunzi mwenye mwalimu wake peke yake anawaacha wenzake mbali mno. Tafiti zilizofuata hazikukuta pengo kubwa namna hiyo. Kurt VanLehn alizikusanya mwaka 2011 akakuta mwalimu binadamu wa mmoja mmoja na programu nzuri zinazomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua zinakaribiana sana. Neno ni hatua kwa hatua. Programu inayongoja jibu la mwisho tu, kama ya BabaShabani, ilikuwa nyuma ya hizo. Haioni mtoto alikopitia. Mwalimu anayeona 2/5 kwenye daftari anajua papo hapo kilichotokea, kama alivyosema Mwl_wa_Pongwe #3. Programu inaona X tu.

#43 KasukuWaLushoto
Na wazo lenyewe ni la zamani kuliko tunavyodhani. Skinner alikuwa na mashine ya kufundishia, sanduku tu la vitufe na karatasi, miaka ya 1950. PLATO ya Chuo Kikuu cha Illinois ilianza 1960, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Miaka yote hiyo ahadi ni ile ile: kila mtoto kwa mwendo wake.

#44 BabaShabani_Makorora
Jini limepatikana.

Ni mama yake.

Anakaanga maandazi ya alfajiri, kwa hiyo saa 5 usiku anasubiri unga uumuke. Anasema aliishia la saba, sehemu zilimtoa machozi, akaona mtoto anacheza akasema hebu nijaribu. Hakutaka niseme humu ila nimesema.

#45 BiMwanakombo
Maashallah! Mpe salamu. Mwambie shoga yake wa Chumbageni amempenda bure.

#46 FundiChipu
Basi 92 ni ya mama! Shabani yuko wapi kwenye hiyo ripoti?

#47 BabaShabani_Makorora
Nimepiga hesabu. Siku nne kati ya 26. Ukiziondoa, Shabani anabaki na 91. Kwa hiyo mama hajamharibia. Zile 14 mfululizo ndizo za mama, zote, na kwake wastani ni sekunde 40 kwa swali.

#48 Mwl_wa_Pongwe
Sekunde 40. Huyo anakokotoa. Huyo mleteni darasani kwangu.

Mkuu, fanya hivi. Kaa na Shabani, zima kompyuta. Mpe karatasi tupu, maswali kumi, matano ya asili sawa, matano ya asili tofauti. Usimsaidie, usikunje uso. Mwambie kila swali aseme kwa sauti anachofanya. Lete majibu.

#49 MzeeWaRaskazone
Na umtilie Juma mmoja.

#50 BabaShabani_Makorora
Haya wakuu, jana umeme ulikatika, tumefanyia barazani kwa taa ya chaji.

Asili sawa: kapata matatu katika matano. Asili tofauti: moja. Nikamuuliza, kwenye kompyuta unafanyaje? Akasema, "Baba, ile inaonyesha pitsa, nahesabu vipande vilivyopakwa rangi, naangalia jibu lenye namba hiyo juu." Chini haangalii kabisa. Kwa asili sawa majibu yote manne huwa na namba ile ile chini, kwa hiyo hakuna haja.

Halafu nikamweleza habari za Juma, kama Mzee alivyoeleza, na minazi 24. Nikabadilisha kidogo, marehemu nikamwita Athumani kwa sababu Juma ni jina la mjomba wake. Mke thumni, mama sudusi, wamechukua minazi mingapi kwa pamoja? Akasema saba. Sehemu gani ya shamba? "Saba kwa ishirini na nne." Hakuandika hata kitu.

Nikampa karatasi: 1/8 + 1/6.

Kaandika 2/14.

Nikamwambia, si ndiyo ya minazi? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Ile ya minazi, hii ya kujumlisha."

#51 MchumiUchwara
"Ile ya minazi, hii ya kujumlisha." Recife kabisa.

#52 FundiChipu
Nashikilia langu ila nalirekebisha: siyo kitufe cha msaada, ni majibu manne yenye namba ile ile chini. Mtunzi wa programu kaacha mlango wazi, mtoto kapita. Yakichanganywa majibu, akapewa na la 3/10 humo, angeumbuka siku ya kwanza.

#53 Neema_wa_Korogwe
Na mimi nashikilia langu. Kama maelezo yangekuwa ya Kiswahili angeyasoma, asingekimbilia picha. Zile programu za vijijini za #8 zilikuwa za Kiswahili.

#54 KasukuWaLushoto
Programu za fainali ziliachwa huru, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ila nyingi ni za watoto wanaoanza, sehemu za darasa la tano usizitegemee humo.

#55 Mwl_wa_Pongwe
Mimi nadhani wote mna kipande. Ila msisahau kwamba hata darasani kwetu tunamfundisha "tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), gawa kwa chini, zidisha kwa juu" bila mnazi hata mmoja. Huko nako kuna mlango wazi.

#56 MkongeMkavu
Laptopu bado unaitaka? Natoa laki mbili na nusu.

#57 BabaShabani_Makorora
Siuzi, ina mwenyewe. Mama Shabani kapandishwa darasa la tano na programu, kafika kugawanya sehemu, kakwama. Anauliza: kwa nini sehemu ya pili inapinduliwa, halafu unazidisha? Nimemwambia ndiyo kanuni. Kanikatalia.

#58 FundiChipu
Ni kanuni shemeji. Pindua, zidisha, songa mbele.

#59 Mwl_wa_Pongwe
Mwambie hivi. Ana unga kilo 4. Kila kanda la maandazi linakula kilo 2/3. Atakanda mara ngapi? Kwanza auvunje unga wote uwe theluthi: kila kilo ina theluthi 3, kwa hiyo 4 × 3 ni theluthi 12. Kila kanda linakula theluthi mbili, basi 12 ÷ 2 ni mara 6. Kazidisha kwa 3, kagawa kwa 2. Ndiyo huko kupindua 2/3 kuwa 3/2.

#60 MzeeWaRaskazone
Mwalimu umefundisha. Na hakufa mtu.

#61 BabaShabani_Makorora
Kasoma mwenyewe kwenye simu yangu. Amenyamaza muda mrefu. Halafu kasema kilo haijai 4, ipo 3 na nusu, sasa inakuwaje? Anahesabu hapa pembeni kwa vijiti vya kiberiti, Shabani kaamka anamchungulia.

Luku imebaki uniti mbili, nazima simu.